Upande wa Kushoto wa Mwalimu Sefania

Mchungaji, wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mliopanda mlima huu kutufariji. Mimi ni Martin Shemweta, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu.

Mwalimu Sefania Shemweta alizaliwa hapa Mlalo tarehe 14 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari Lushoto, na mwaka 2001 kanisa likampatia ufadhili wa kusomea ualimu wa hisabati Marekani, akarudi mwaka 2005 akiwa na shahada, magoti mabovu, na mapenzi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, ambao wengi wenu mlipouona mara ya kwanza mlitaka kuamulia ugomvi.

Mwaka 2007 aliajiriwa kufundisha sekondari huko Shume, tarehe 5 Desemba 2009 akafunga ndoa na Secilia, wakajaliwa Ruthi na Yeremia, na jioni aliwakusanya vijana wa mashine za mbao, akiwafundisha hasa safu ya mbele ya watu watano, ambao hawafungi wala hawashangiliwi: wa katikati huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake kumpa mrushaji, wawili wa ubavuni mwake humfungulia njia mkimbiaji, na wa mwisho kila upande huwazuia wapinzani wanaozunguka kwa nje. Wa mwisho kushoto alimchagua kwa makini kuliko wote, maana mrushaji wa mkono wa kulia huupa mgongo upande huo, na nafasi hiyo akampa Kristian, kijana aliyempenda kama mwanawe.

Tarehe 8 Juni 2024 vijana walicheza na wapasuaji mbao, watu wazima, marehemu akiwa mrushaji wa vijana. Kushoto akatokea Mzee Emanueli, ambaye Kristian alikuwa amemwoa binti yake mwezi uliotangulia, na nyote mnajua kwetu mtu hamgusi baba mkwe, sembuse kumsukuma kifuani. Kristian akashusha mikono, akainamisha kichwa, akampisha, na mzee, aliyekuwa mgeni wa mchezo, akamvaa kaka yangu mgongoni kwa uzito wake wote, shingo ikavunjika.

Hakuinuka tena. Shemeji Secilia alimlisha na kumgeuza, timu ikafa, Kristian akahama bila kuaga, na kila tulipopata habari kwamba yuko Soni au Mombo, marehemu alituomba tumlete, tukaenda, tukamkosa. Vidonda vya kulalia vikamwingia, kisha nimonia, akafariki tarehe 19 Septemba 2025, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuletea kuni na chakula, walimu wenzake, na Mzee Emanueli, aliyekuja kumkalisha kila Jumapili na leo ameketi nyuma kabisa.

Limebaki neno ambalo marehemu aliagiza lisomwe mbele ya watu. "Mwambieni Kristian hakukosea. Mimi ni Msambaa, nilijua mkwe wake atapita upande ule, na sikumhamisha." Nimemtafuta kwa macho tangu asubuhi.

Pumzika kwa amani, kaka. Neno lako nimelisema, mwenyewe hakuja.