Swali la Bibi Tabu Kwenye Ukurasa wa Tatu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Viongozi wetu wa dini, wa msikitini na wa parokiani. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wahitimu kumi na wanane mliovaa majoho ya kukodi yasiyowatosha: mlionizidi umri nawaamkia shikamooni, ingawa nikitazama humu ukumbini nawaona wawili tu.

Mimi Bartolomeo nimefundisha Kiingereza shuleni miaka thelathini na minne. Nilipostaafu, wafanyabiashara wa hapa Mfaranyaki walinijia wakasema hawataki hadithi za sungura. Wanataka maneno yaliyomo kwenye mikataba, ya mtaji, dhamana, hisa na fidia, kwa sababu karatasi za Kiingereza zinawafuata hadi dukani nao wanazitia saini kwa kuona haya kuuliza. Ni nani kati yetu hajawahi kutia saini jambo asilolielewa?

Tulianza na kanuni moja. Neno halihesabiwi kuwa lako mpaka umelieleza nyumbani kwa mtu asiyejua Kiingereza, naye akupe mfano wa kwake. Muhsini, dereva wetu wa bodaboda, alimweleza mkewe mfumuko wa bei. Mkewe akajibu kwamba hilo analijua siku nyingi: ni fungu la mchicha kupungua majani huku muuzaji akikuapia kuwa ni lile lile la jana. Mimi nilikuwa nimejaza ubao mzima, na sikufika hapo.

Lakini hasa nimesimama kumzungumzia Asma. Yeye anaongoza kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaobangua na kukaanga korosho za kwao Tunduru. Mwezi wa tano alipata mnunuzi mkubwa, Ndugu Romanus, ambaye tunaye hapa, pamoja na mkataba wa miaka mitano, kurasa nne za Kiingereza. Asma aliusoma mwenyewe. Ukurasa wa tatu palikuwa na neno linalosema kwamba mnunuzi ni yeye peke yake. Akaniletea. Nikamwambia amelitafsiri sawasawa, tena ni neno la heshima; mnunuzi anayeandika hivyo amedhamiria. Nilisema kwa kujiamini sana, na leo nakiri mbele yenu.

Asma, mwanafunzi mtiifu, akaenda kulieleza kwa mama mkwe wake, Bibi Tabu, ambaye hajakaa darasani hata siku moja. Bibi alisikiliza huku anachambua korosho, hakunyanyua uso. Kisha akauliza:

"Mwaka asipokuja, mwanangu, hizi tutamuuzia nani?"

Asma akanipigia simu. Akaniuliza hilo hilo. Tukaurudia ukurasa ule. Mnunuzi halazimiki kununua. Wao wanalazimika kutomuuzia mwingine, miaka mitano. Wanawake kumi na wawili wangekaa na magunia yao wakimsubiri mtu mmoja.

Wenzake walimsihi asimuudhi mnunuzi, maana hawakuwa na mwingine. Asma akaenda ofisini kwake Ruhuwiko, akaweka kidole juu ya neno lile, akamwuliza swali la Bibi kama lilivyo. Ndugu Romanus, kwa uungwana wake, ameniruhusu nisimulie alichojibu: kwamba mkataba ule aliandikiwa na mwanasheria, naye hakuwahi kuuliza ukurasa wa tatu unasema nini. Kumbe wanafunzi tulikuwa wengi.

Leo, baada ya vyeti, mkataba mpya utatiwa saini kwenye meza ile. Una Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na pande zote mbili zina nguvu sawa. Mwanasheria alikuwa ameandika sentensi ya mistari sita. Ndugu Romanus akaomba upande wa Kiswahili yabaki maneno haya tu: mwaka asipokuja, tutamuuzia mwingine.

Mheshimiwa Diwani, nina ombi moja. Kabla Asma hajashika kalamu, Bibi Tabu, aliyeketi pale mstari wa mbele, asomewe ukurasa wa tatu kwa sauti. Akinyamaza, tutie saini. Akiuliza, pilau isubiri.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.