Onyo Nililolishusha Chini

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, salama? Mnivumilie sauti ikitetemeka, mimi kazi yangu ni ya kukaa, si ya kusimama mbele za watu.

Nilimaliza chuo nikakaa tu hapa Mwankoko bila ajira. Nikapata kibarua mtandaoni: unapewa makala ya mtu, unabadilisha maneno ili ionekane mpya. “Bonyeza” unaweka “gusa”, “haraka” unaweka “upesi”. Nikapewa makala za programu za kuchorea kwenye tableti. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo tableti sikuwahi hata kuishika! Lakini mtaani niliitwa mtaalamu, na mama akaringa kweli kweli.

Makala moja ilieleza namna ya kufuta programu ya zamani na kuweka mpya. Ilianza na onyo: hifadhi michoro yako pembeni kwanza. Mimi nikaona bado inafanana mno na ya mwenyewe, nikalishusha lile onyo hadi mwisho. Nikatuma, nikala ugali wangu.

Baada ya muda akaja dada mmoja, yumo humu, simtaji. Anawachorea wafuga nyuki wa Rungwa nembo za chupa za asali. Macho mekundu. “Dada, wewe mtaalamu, nisaidie. Nimefuata maelezo hatua kwa hatua, michoro yangu yote imepotea.” Akanipa simu nisome. Jamani! Yalikuwa maneno yangu.

Nikamjibu, “Pole, mtandaoni matapeli ni wengi.” Ndiyo, nilisema hivyo. Zikapita siku tatu. Nikamwambia mama ukweli, akanisindikiza hadi kwa yule dada. Nikapiga magoti: “Tapeli ni mimi.”

Nikajua nimempoteza. Kisha akasema, “Inuka. Shika hii kalamu.” Tukaanza kuchora upya. Nyuki wangu wa kwanza alifanana na kunguni, tukacheka hadi machozi.

Kibarua kile nilikiacha. Sasa naandika maelezo ya kitu nilichokijaribu mwenyewe. Asante mama. Asante dada yangu, ulikuwa na haki ya kunifukuza. Nanyi mnaoandika kwenye simu, msimwelekeze mtu njia ambayo hamjaipita.

Makala yangu ya kwanza aliisoma dada huyo kabla ya mtu mwingine. Mstari wa kwanza unasema: hifadhi michoro yako pembeni kwanza. Huo nimeuacha ulivyokuwa.