Biblia Ilifunguka Palepale

Benchi letu ni ubavu wa kitanda cha zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Upande mmoja wake pana ukuta wa mashine ya kusaga, unaotetemeka mpaka mwenye mashine aizime saa sita kamili kwenda kula. Upande wa pili naweka jiko langu na birika la kahawa, mwanangu mgongoni. Wanywaji wa kila siku ni watatu. Yuko Fundi Viatu mwenyewe, yuko Pancha anayeziba mipira ya baiskeli, na yuko Katibu, mzee aliyestaafu utarishi, tuliyempandisha cheo sisi wenyewe kwa sababu ya maneno yake makubwa. Siku ile hawakuanza na utani. Mke wa Fundi alikuwa ametimiza siku tano wodini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeoza kwa ugonjwa wa sukari, na daktari alitaka kuukata kabla uozo haujapanda. Fomu ya ridhaa ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Fundi, haijatiwa saini. Mwisho wake ulikuwa saa sita. Fundi alikuwa ameweka Biblia mapajani, mahali pa kuwekea viatu. Akafumba macho, akaiachia ifunguke yenyewe.

— Palepale tena, akasema. Mara ya tatu tangu nilipoamka.

— Palepale wapi? akauliza Pancha.

— Kwenye Zaburi ile. Mtu ajipe moyo, amngoje Bwana.

Pancha akaweka kikombe chini.

— Mara tatu si mchezo, kaka. Mara moja ningesema ni upepo.

— Ndiyo maana nimekaa, akasema Fundi. Daktari anasema kata. Mungu anasema ngoja. Nimsikilize nani?

— Shemeji mwenyewe anasemaje?

— Ana homa. Jana aliniita kwa jina la marehemu baba yake. Wameniambia maneno yake hayashikiki, nisaini mimi.

Katibu akakohoa. Kukohoa kwake ni kama kugonga meza.

— Jambo hili lina utaratibu wake, akasema. Ofisini kwetu hakuna barua iliyotoka bila nakala tatu. Ya kwanza kwa mhusika, ya pili kwa mkubwa, ya tatu kwenye jalada. Wewe umepokea ya tatu. Shauri limefungwa.

— Limefungwa vipi, mzee? Mwenzio mguu unanuka!

— Sisemi mguu, Pancha. Nasema jalada.

— Basi sikia langu, akasema Pancha. Tairi likitoboka mara tatu mahali palepale, mimi silaumu msumari. Nalivua, napapasa ringi kwa kidole. Hukosi kukuta kitu humo ndani kinachochoma.

Nilimtazama Pancha. Nilidhani sasa atafika. Lakini kidole chake kilikwenda kwingine.

— Na hapa kinachochoma ni yule daktari, akaendelea. Kijana mdogo vile. Ametoka shule juzi, anatafuta miguu ya kujifunzia.

— Usiseme hivyo, akasema Fundi kwa sauti ndogo. Ni yeye aliyemfunga kidonda kwa mikono yake.

— Si kwa kujifunza?

— Pancha!

— Haya, nimenyamaza.

Hakunyamaza. Niliwaongezea kahawa. Fundi hakugusa yake, ikatanda utando juu. Alikuwa ameshika kiatu cha mteja bila kukishona, anakigeuza tu. Kidonda kile kilianza na lengelenge la kiatu, na kiatu alikishona yeye, zawadi ya mkewe ya kuvaa kanisani. Hilo hakuna aliyelitaja pale benchini, na yeye alijua kwamba wote tunalijua.

— Hebu tuseme umesaini, akaanza Katibu. Mguu umekatwa. Unapelekwa wapi?

— Sijui. Hawakuniambia.

— Umeona? Hujui! Sasa, siku ya ufufuo, mwili wote unaitwa. Mkono unakuja, kichwa kinakuja. Mguu wa kushoto uko wapi? Uko shimoni nyuma ya hospitali, hauna kibao wala jina. Mama wa watu atasimama mbele ya kiti cha enzi anachechemea?

— Mzee, Mungu atashindwa kutafuta mguu? akauliza Pancha.

— Hashindwi. Lakini kwa nini umpe kazi ya ziada?

Pancha akacheka, akajiziba mdomo. Fundi hakucheka. Nilimwona akilitia akilini, maana ule mkono wenye kiatu ulitulia.

— Na waliokufa maji? akauliza Fundi. Na walioungua?

— Hao hawakusaini, akasema Katibu. Wewe utasaini.

Tukasikia mashine tu, na ukuta ukitetemeka. Fundi akafunga Biblia, akaifungua upya. Akaigeuzia kwetu bila neno. Palepale.

— Ya nne, akanong'ona Pancha. Jamani, nywele zimenisimama.

— Ukurasa wa ngapi? akauliza Katibu.

— Mia tano na arobaini.

— Na kitanda cha mgonjwa?

— Namba tisa.

— Gawa!

— Nigawe nini?

— Mia tano na arobaini kwa tisa. Inatoka sitini, haina mabaki. Hiyo si bahati. Siku sitini! Unangoja siku sitini, mguu unarudi mzima.

— Au saa sitini, akasema Pancha. Au ni miaka sitini, ndiyo umri atakaofika.

— Ana hamsini na nane, akasema Fundi.

Katibu akaanza kuhesabu upya kwa vidole.

Na mimi nilikuwa na neno langu. Lilikuwa limenikaa kooni tangu alfajiri. Lakini mimi ni muuza kahawa, shule niliishia ya msingi, na wale ni watu wazima wanaozungumza mambo ya Mungu. Tena sikutaka mtu adhani naidharau Biblia. Naamini Mungu husema na watu kwa neno lake. Usiku wa uchungu wa kumzaa mwanangu nilikuwa na mstari uleule wa kungoja, nikaung'ang'ania kama kamba, na nikatoka nikiwa hai. Aliyenifundisha ni mke wa Fundi. Alikuwa amekaa kitandani kwangu, amenishika mkono, ananisomea. Kwa hiyo nikachochea mkaa, nikanyamaza.

— Fungua kwa mkono wa kushoto, akashauri Pancha. Tuone.

Fundi akafungua kwa kushoto. Palepale.

— Afungue asiye ndugu, akaamuru Katibu. Wewe Pancha.

Pancha akajifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Akaishika kama anashika mtoto mchanga, akaiachia. Kurasa zikaanguka huku na huku, zikagawanyika palepale. Akairudisha haraka kwa Fundi.

— Mimi sishiki tena. Ngoja, kaka. Usiende. Ukienda ukasaini ni kumwambia Mungu muongo.

— Na akifa?

— Akifa... Pancha akamtazama Katibu.

— Akifa katika kungoja, akasema Katibu, hiyo ni imani kamili. Itaandikwa.

Fundi akatoa fomu mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imeingia kiwi pembeni. Akaikunjua, akaitazama, akaikunja.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja ambaye hatukuwa tumemwona benchini. Alivaa gauni la kazi la kijani na ndala, na mikono yake ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Alikuwa mfagizi wa wodi, ametoka zamu.

— Shikamooni wazee. Mdogo wangu, kahawa ipo?

Ilikuwapo nusu kikombe. Niliinamisha birika mpaka likatoa mashapo. Akapokea, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu asiyetaka kumsumbua mtu.

— Wewe ndiye baba wa kitanda namba tisa, akamwambia Fundi. Nimekuona jana. Pole sana, baba.

— Ameamkaje?

— Alikuwa anatetemeka. Wamemwongezea shuka. Daktari ameulizia fomu mara mbili.

— Mungu amesema tungoje, akasema Pancha upesi. Tumepima hapa. Mara sita. Mwonyeshe!

Fundi akaiachia Biblia. Ikafunguka. Yule mwanamke akainama, kikombe mkononi, akasoma mstari huku midomo ikichezacheza. Hakubisha. Akaitikia amina kwa sauti ya chini. Kisha akagusa ukurasa kwa kidole kimoja, katikati, kwenye mshono. Pale palikuwa na alama ya pembe nne, upana wa kiganja. Ndani yake karatasi ilikuwa nyeupe, nje imekuwa njano, na kingo zimeacha rangi ya buluu hafifu. Mshono wenyewe ulikuwa umevunjika.

— Samahani, baba, akasema. Hapa palikaa nini?

Katibu akasogeza kichwa aone. Pancha akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anaitazama ile alama.

Mashine ya kusaga ikazimwa. Ukuta ukatulia. Saa sita.

Fundi akasimama. Biblia ikamteleza mapajani, ikakaa kwenye benchi. Akatoka mbio na aproni yake, fomu mkono mmoja, kiatu cha mteja mkono mwingine. Pancha akakurupuka, akachukua baiskeli ya mtu iliyokuwa bado haina tairi la nyuma, akaitupa, akachukua nyingine, akamfuata akiita, kaka, panda, panda! Katibu akaomba kahawa. Nikamwonyesha birika tupu. Akakaa kidogo, akaenda zake bila kuaga. Yule mfagizi akanirudishia kikombe.

— Nimeuliza vibaya? akaniambia.

Nikatikisa kichwa. Akaondoka.

Nikabaki na mwanangu na ile Biblia. Mke wa Fundi aliwahi kuniambia, amempakata mwanangu, na alikuwa anacheka kidogo. Alisema: mume wangu amechoka na mambo ya kliniki yangu ya sukari, kila mwezi foleni. Amechukua kadi yangu ngumu ya buluu, akaifungia kwenye mstari wa kungoja, akaweka kitabu juu ya kabati na cherehani juu yake. Amesema sasa tumwachie Mungu. Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma. Kadi ilitoka siku tano zilizopita, manesi walipoidai mlangoni.

Niliifunga Biblia kwa mikono miwili, nikaikandamiza. Nilipoinua mikono, kurasa zikajiachia taratibu, zikasimama palepale.

— Kadi ya kliniki, nikasema.

Mwanangu akageuza kichwa mgongoni. Benchini hapakuwa na mtu.