Kiti cha Mteja

Kaeni wanangu, na wewe kitindamimba weka hiyo simu chini, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja tu, na nyumba hii tayari ina mtu mmoja wa kuambiwa jambo mara kumi.

Tangu sukari ilipouchukua mguu wangu na baba yenu akaanza kusahau, ni miaka kumi na moja, na watu wakituonea huruma hawajui kwamba cherehani haikusimama. Yeye anakanyaga, mimi niko kitini nampa vipimo kutoka kichwani, maana kusoma sijui: kiuno hiki, urefu huu, usisahau mfuko. Anasahau mfuko. Siku niliyopaliwa na chai katikati ya vipimo, akamalizia kwa vya mteja aliyetangulia, na mwalimu mkuu akashonewa suruali yenye mguu mmoja wake na mwingine wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia, "Mume wangu, mtu huyu ana miguu miwili." Akanitazama chini, akasema, "Mbona wewe unao mmoja na hulalamiki?" Nilicheka mpaka nikakasirika. Na sokoni je, aliponipeleka akinisukuma kitini, akaniacha kwenye vitunguu, akarudi kuwashtakia majirani kwamba mkewe siku hizi hatulii nyumbani?

Hayo yote nimeyameza. Lililonichosha ni hili: kila asubuhi anakiona kiti hiki cha magurudumu na kuuliza cha nani. Mwaka wa kwanza nilimwambia kweli, nikamfunulia na kigutu, naye akalia kana kwamba nimekatwa jana, akanipa pole huku chai yangu inapoa. Nani anaweza kupewa pole ya mguu uleule mwaka mzima? Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamwambia ni cha mteja, atakuja kukichukua. Akasema, "Basi usikichafue," akaenda zake kushona. Tangu hapo tukapumua.

Sasa wewe binti yangu mkubwa, ndiwe utakayekaa naye. Cherehani iende pamoja naye, hata ikikuharibia sebule, na vitambaa chakavu usimnyime. Nyumba hii msiiuze angali hai, maana njia ya chooni ya hapa miguu yake inaijua bila kuuliza mtu, na atataka kuja. Hayo mepesi. Zito ni ulimi wako. Baba yenu mdogo alipofariki, kila baba yenu alipouliza habari zake wewe ulisema kweli, eti hutaki dhambi, na mzee wa watu akamlilia nduguye upya mara saba katika wiki moja. Nilikununia, na bado nimenuna. Mimi usinizike kila asubuhi, mwanangu. Mpelekeni makaburini siku yenyewe, anitupie udongo kama mume, alie kilio chake. Kesho yake akiuliza niko wapi, sema nimekwenda kupima mteja, narudi. Usinitazame hivyo. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu, nitaijibu mwenyewe huko niendako.

Niinueni kidogo hapa kitandani. Hapo. Nasikia ndara zake, anakuja, na ataona kiti kitupu aulize. Leo sijibu mimi. Jibu wewe, nikusikie.

Ehe, ameuliza. Anakungoja.

Sikusikia vizuri, mwanangu. Rudia.

Cha mteja. Haya. Mungu akubariki kwa hilo, awabariki wote, awape subira ambayo mimi sikuwa nayo, nyumba zenu zisikose mtu wa kugombana naye. Na mvueni baba yenu hilo shati, kalivaa nje ndani, fundi mzima. Nipeni mkono. Si wako... wake. Anasema nini? Msikieni.

Anasema tusikichafue.