Yuditha Mhina, Aliyesomewa Kila Jumamosi

Baba Mchungaji, Shehe na majirani zetu Waislamu mliokuwa nasi tangu juzi, wazee, ndugu wa Kerenge na wa Kwaluguru, familia inawaletea maisha ya marehemu Yuditha Mhina, yanayosomwa na mjukuu wake Upendo, na kwa agizo la marehemu mwenyewe tunaomba kwamba msomaji akikwama mahali, asiharakishwe na asimaliziwe neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 huko Kerenge, wilayani Korogwe, akiwa mtoto wa nne wa mzee Habakuki. Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akakariri darasa la pili mara mbili, na mwaka 1969 akaondolewa shule akiwa darasa la tatu, kwa sababu herufi alizozijua jana leo alizikuta zimehama, wala hakuna aliyemuuliza zinahamaje, na nyumbani akapewa jembe pamoja na jina la Mzito, ambalo kaka zake walimwita hadi alipoolewa.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa Old Korogwe na Lukasi Mhina, fundi seremala, na mwaka 1978 wakahamia Kwaluguru, Handeni, wakalima mahindi na machungwa, wakajaliwa watoto watatu, Erasto, Pendo na Simeo. Lukasi ndiye mtu wa kwanza kuambiwa kwamba Yuditha hawezi kusoma, naye hakucheka, alivuta kiti akauliza anapenda asomewe nini.

Mwaka 1991 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na wazee walisoma somo la Jumapili kwa zamu, basi kila Jumamosi jioni, yeye akichambua mboga, Lukasi alimsomea mara tatu, mara ya nne wakalisema pamoja, na zamu yake ilipofika alisimama na Biblia iliyofunguliwa, akatoa somo bila kukosea, kwa sauti ambayo wengi wenu mnaikumbuka, hivyo hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Lukasi alifariki tarehe 5 Machi 2013. Zamu ya marehemu ilipofika mwezi uliofuata, alisema macho yamechoka, akaomba apumzishwe, usharika ukamchangia miwani, akawa anaivaa kwa kuwaheshimu waliotoa, ingawa bado alitunga uzi kwenye sindano bila shida, na tangu hapo alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nyumbani simu ilikuwepo, lakini namba nazo zilibadilishana nafasi machoni pake, akampigia Pendo akapokelewa na mtu wa Singida asiyemjua, wakasalimiana kwa heshima, akakata, na baada ya siku hiyo hakupiga tena, alingoja apigiwe, na wanawe walidhani mama yao anapenda ukimya.

Mwaka 2017 Upendo, binti wa Simeo, aliletwa kukaa naye ili aanze shule. Shule zilipofungwa mwaka 2020, marehemu alimsikia mtoto akisoma kitabu kizima kwa ufasaha, akasogea kumpongeza, akaona kwenye picha ng'ombe yuko miguu juu, kitabu kimeshikwa kichwa chini, akaelewa kwamba mtoto ameshika sauti za wenzake tu, kama yeye alivyoshika sauti ya Lukasi.

Tarehe 17 Septemba 2020, kwenye mkutano wa wazazi, ilielezwa kwamba Upendo, aliyekuwa akikariri darasa la tatu, anawachelewesha wenzake, na kwamba ingefaa akae nyumbani asaidie kazi. Marehemu alisimama, akavua miwani, akasema, "Mtoto huyu si mjinga wala si mvivu. Herufi zinamhama kama zinavyonihama mimi. Mimi sijui kusoma." Mzee mmoja akauliza kwa utani, "Sasa mama mzee, Jumapili zote zile nani alikuwa anatusomea?" Watu wakacheka, naye akajibu, "Lukasi," na kicheko kikakatika.

Alirudi nyumbani peke yake, na kwa wiki kadhaa wapo waliomsalimia kwa mbali, wakisema aliidanganya madhabahu, lakini asubuhi iliyofuata mkutano alikuja Mwalimu Mwaija, aliyemfundisha Upendo, akaeleza kwamba hali hiyo ya herufi inaitwa disleksia, na ile ya namba diskalkulia, kwamba mtu huzaliwa nayo na haipimi akili yake, na marehemu, akiwa na miaka 64, alimwomba arudie majina hayo mpaka akayashika. Mwalimu aliacha kumsimamisha Upendo asome mbele ya darasa, akamfundisha herufi moja moja kwa kuichora mchangani huku akiitamka, akamwekea kipande cha kadi chini ya mstari, hesabu akazianza kwa punje za mahindi, na katika majaribio ya darasani alimsomea maswali na kumwongezea muda. Erasto naye aliipanga simu ya mama yake ili kila mtoto awe na kitufe chake kimoja, na siku hiyo marehemu aliwapigia wote watatu, walipopokea akawauliza wamekula nini.

Februari 2025 alianza kuumwa figo, akatibiwa Handeni kisha Korogwe, na Julai akarudishwa nyumbani. Upendo, sasa akiwa kidato cha kwanza, alimsomea zaburi kila Jumamosi jioni, polepole, akikwama na kurudia, na wageni walipotaka kumsaidia neno, marehemu aliinua mkono na kusema, "Mwacheni, mimi sina haraka." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, ikiwa imebaki mistari miwili ya zaburi, na Upendo akaimaliza. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Handeni na Korogwe, majirani waliopika na kuchimba kaburi, wazee wa kanisa wenzake, Mwalimu Mwaija, na ninyi nyote mliosubiri msomaji afike hapa kwa mwendo wake.

Bibi, umesomewa mpaka neno la mwisho, pumzika kwa amani.