Mapovu Kwa Rejeta

Supa, ndugu zangu wa kikundi. Hata wale wa nyuma mmeitikia, asanteni. Mimi nimezoea kuongea nikiwa chini ya gari, na huko hakuna mtu ananiangalia kwa macho. Mkiona nimeinamisha kichwa, mnivumilie.

Niko na gereji hapa Noonkopir, Kitengela. Mzee mmoja mfugaji, wa huko ndani Isinya, aliniletea pickup yake. Kila siku anaongeza maji, na chini hakuna hata tone. Nikafungua rejeta, pale maji ya kupoza injini hukaa, nikawasha injini. Maji ikaanza kutoa mapovu, polepole, kama uji ikishika moto. Nilijua hapo hapo gasketi ya hedi imekwisha, moto wa injini unaingia kwa maji. Hiyo gari haikufaa kutoka.

Lakini mzee akasema, "Fundi, mke wangu ni mja mzito, siku zake zimefika. Siwezi kaa bila gari." Na mimi nilikuwa nimejisifu Kitengela yote ati kwangu gari hailali. Nikatoa themostati, vile wengi wetu hufanya ili injini ikae baridi kidogo. Nikajaza maji ya kisima, hii yetu ya chumvi inayokula rejeta. Nikamwambia, "Enda na amani, mzee. Imepona."

Siku tatu, simu ikilia nashtuka. Ya nne asubuhi ikawa yeye. "Fundi, ni moshi nyeupe tu. Gari imekufa. Mama analia."

Nilifika na pikipiki. Pickup imesimama kwa njia ya kwenda hospitali Kajiado, bonneti wazi, hakuna nyumba karibu. Mama amelala kwa nyasi, amenyamaza. Hiyo kunyamaza ndio iliniogopesha. Lori ya mawe ikatubeba hadi hospitali. Mtoto alizaliwa bila kulia, tukasimama nje ya mlango tukiskiza, tukiskiza. Mwishowe akalia. Na mzee akanishika mkono, akanishukuru! Ati nimekuja haraka.

Hapo ndipo nilianguka. Miezi mingi sikushika spana. Nilikunywa mpaka mke wangu akarudi kwao. Watu walisema nimerogwa. Wapi! Nilikuwa nimeficha kitu.

Nyinyi wa kikundi hiki mlinifuata nyumbani, mkaniambia niende nikaseme. Nikaenda bomani kwake, pickup bado imekufa hapo uani. "Mzee, nilijua. Niliona ubaya na nikakuachilia." Aliinuka, akaingiza ng'ombe wote. Alafu akasema, "Kesho ufungue hiyo injini. Nitakuwa nimesimama hapo."

Alisimama siku mbili nzima. Nikabadilisha gasketi, nikarudisha themostati, nikaosha rejeta. Sikuthubutu kumwangalia.

Asanteni kwa kunifuata. Mke wangu amerudi. Ombi langu ni moja: fundi akikuambia gari yako haitoki leo, usimtukane. Tafuta gari ya jirani. Huyo fundi amekupenda kuliko mimi nilivyompenda yule mzee.