Taa Kwanza, Uji Baadaye

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Kwa msiopokea salamu hizo zote mbili, habari za mchana. Mwenyekiti wetu wa soko amenipa dakika chache. Nilijaribu kumpandisha dau, akagoma. Nachukua alichotoa.

Wengi mnanijua kwa nyanya na karanga, pale malori yanaposimama hapa Mikumi. Kabla ya meza ile nilikuwa chuoni, nasoma lugha na tamaduni za Asia Kusini: Kihindi, Kigujarati, mila za watu wa huko. Nimelelewa Kilosa na baba mdogo, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwa Bibi mmoja Mgujarati, mjane mwenye duka karibu na stesheni. Lugha ile niliisikia kila siku nikimtungia baba uzi kwenye sindano. Nikaipenda.

Nikiwa mwaka wa pili, ukoo ukaitisha kikao. Mimi sikuitwa kujieleza, niliitwa kusomewa hukumu.

"Tumekupeleka chuo ukaangalie filamu?" baba mdogo akauliza.

"Shikamoo, baba. Si filamu, ni..."

"Marahaba. Atakuajiri nani, muuza bajia?"

Wakacheka. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Ada yangu akapewa binamu anayesomea kompyuta, ambaye hadi leo printa ikigoma anaipiga kofi.

Nikaja huku. Madereva wakasikia habari zangu. "Mhindi, punguza bei." Nikapunguza, nikauza. Ndugu zangu, nawaambia, kuitwa jina hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba nilianza kuchana madaftari yangu ya chuo kufungia watu karanga, na mkono wangu haukusita. Hapo ndipo nilipofika chini.

Siku moja baba mdogo akapiga simu. Bibi amepata kiharusi. Kiswahili chote kimemtoka, kimebaki Kigujarati, na wenzake wa Kilosa wanaokisema walishahama. Hakujaliwa mtoto.

"Kila asubuhi anasukuma uji na kupiga kelele," akasema. "Majirani wanasema ni mashetani. Kesho wanataka kumfunga mikono alishwe kwa nguvu."

Nikapanda basi.

Asubuhi mama anayemuuguza, mwenyeji wa Mamboya, akaleta uji kitandani kwa upendo, kama tunavyofanya sote: mgonjwa ale kwanza, kuoga baadaye. Bibi akausukuma. Nikapiga magoti, nikamsalimia kwa lugha yake. Akatulia, akanishika kidevu. Kisha akazungumza kwa taabu, nami nikawatafsiria: "Sijaoga. Sijawasha taa mbele ya miungu yangu. Nitakulaje?"

Hilo tu. Mimi nilifundishwa hilo chuoni, mwaka wa kwanza. Tukamwogesha, tukamwashia taa, akamaliza bakuli akaomba jingine.

Sasa nisikilizeni. Baba mdogo aliiona taa ile kila asubuhi miaka yote akishona, hakuwahi kuuliza ni ya nini. Kutojua hakunikasirishi, mimi nimekulia kwenye cherehani na suruali siwezi kukata. Kinachonikasirisha ni kwamba aliyetaka kujua walimcheka, na kwa kicheko hicho mwanamke mgonjwa alibakiza usiku mmoja afungwe kamba.

Baba akaniletea khanga. "Pokea mwanangu, yaishe."

"Khanga nzuri, baba. Sasa itisha kikao, watu wale wale."

"Nitawapigia simu mmoja mmoja."

"Kikao."

"Basi nimwambie shangazi yako, yeye atawafikishia..."

"Baba, mimi nabishana bei na madereva wa malori kutwa nzima. Utaniweza?"

Akakiitisha. Akasimama mbele yao akasema alikosea, na ada ikarudi kwangu. Sasa nimebakiza muhula mmoja.

Namshukuru baba mdogo. Kusimama vile hakukuwa rahisi. Namshukuru mama wa Mamboya, ambaye sasa haleti uji kabla ya taa. Nawashukuru nyinyi mnaoniuzia mezani nikiwa chuoni, tena bila kuwaonea huruma wateja wangu.

Funzo langu ni moja. Mtoto akitaja anachosoma na hukielewi, muulize, halafu unyamaze mpaka amalize kujibu.

Na kuna mama hapa, simtaji, ambaye binti yake ametaja anachotaka kusomea, na ukoo unakutana Jumapili kumjadili. Mama, Jumapili nafunga meza mapema. Nakuja.